Sura bila jina, kidole bila sura: vibarua wa Kwale na kumbukumbu zao

Ukitoka Ukunda kwa barabara ya Lunga Lunga, kuelekea Msambweni, utafika Makongeni, kijiji cha Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kutafuta kibarua katika mashamba ya katani na miwa ya Kwale. Wengi walianza kufika miaka ya 1930, wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulipoporomosha bei ya katani.

Miaka hiyohiyo, Marekani nayo ilikuwa na vibarua wake wa kuhamahama. Ukame na madeni viliwang'oa mashambani kwao, wakamiminika California hadi Imperial Valley, jangwa linalolimwa kwa maji ya mto Colorado. Serikali iliajiri wapiga picha waonyeshe dhiki hiyo. Mmoja wao, Dorothea Lange, alimpiga picha mama na wanawe katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, Machi 1936. Magazeti yalipotangaza njaa ya kambi ile, chakula kilipelekwa. Lakini Lange hakumuuliza mama yule jina. Florence Owens Thompson alijulikana mwaka 1978, akalalamika kwamba picha ile haikumfaidi kitu.

Huku kwetu, mkoloni alimhifadhi kibarua kwenye kipande, hati ya kumsajili. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alikitia ndani ya kijikopo cha bati na kukivaa shingoni. Ndani mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, ujira, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Bwana shamba asipotia sahihi ya kumwachilia, kibarua hakupata kazi kwingine. Sura yake haikuwamo.

Kipande hicho kilifutwa 1947, uhuru ukaja, lakini Wamakonde wakabaki bila uraia. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa 1988, kibarua kilikwisha. Waliojua kuchonga vinyago waliwauzia watalii wa Diani. Bila kitambulisho, hata laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani.

Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Alipokutana nao aliamuru wapewe vitambulisho, na Februari 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kwa wazee wengi, hapo ndipo sura na jina vilipokutana kwenye karatasi ya serikali.

Kibarua wa California alihifadhiwa sura, jina likaachwa. Wa Kwale alihifadhiwa vidole, sura ikaachwa. Kote kuwili, aliyeshika kamera au wino ndiye aliyeamua.

Sasa simu ziko mikononi mwetu. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya mzee aliyekata katani au miwa, muulize aliyebaki hai, kisha andika nyuma ya picha kwa kalamu: jina, shamba, mwaka. Usingoje mgeni aje kukuandikia.