Injini ya Gemu: Kujiundia au Kukodi

Injini ya gemu ni programu iliyo chini ya mchezo wenyewe. Ndiyo inayochora picha, kutoa sauti, kusoma vidole vya mchezaji na kuamua kama mpira umegonga ukuta. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde huyafanya yote hayo ndani ya milisekunde 16 na ushee, kisha huanza upya. Ikichelewa, kijana wa Nanyala, wilayani Mbozi, mwenye simu ya bei ya chini, huona mchezo umeganda.

Zamani karibu kila gemu iliandikiwa injini yake. Desturi hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1993, kampuni ya id Software ya Texas ilipotoa Doom: msimbo wa John Carmack ulikaa mbali na ramani, picha na sauti, hivyo ungeweza kutumika tena. Half-Life ya Valve, mwaka 1998, ilijengwa juu ya msimbo wa Quake, gemu nyingine ya id Software, ingawa Valve waliufumua sana. Leseni za kutumia msimbo wa namna hiyo zilikuwa za wenye mitaji.

Afrika Mashariki iliingia uwanjani mlango ukiwa bado mwembamba. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu ambayo sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya mwenyewe. Unity, injini ya kukodi, ilikuwa imezinduliwa mwaka 2005, lakini hadi 2009 watengenezaji walihitaji kompyuta ya Apple ili kuitumia. Mwaka huohuo wa 2009 ilifika kwenye Windows, toleo la bure likatoka, na Kirinya na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya gemu ya Leti Arts.

Anayejiundia injini hashindwi na picha ya kwanza. Hiyo hupatikana mapema, na pengine ndiyo inayomponza. Fedha huishia kwenye zana. Mchoraji asiyejua kuandika programu anahitaji dirisha la kupanga miti na nyumba; likikosekana, kila mti ukihamishwa lazima mwandishi wa programu aitwe. Kila toleo jipya la Android nalo huleta marekebisho, na siri za injini hukaa vichwani mwa watu wawili watatu ambao siku moja wataondoka. Hata CD Projekt Red ya Poland, yenye mamia ya wafanyakazi, ilitangaza Machi 2022 kwamba inaiacha injini yake ya REDengine, iliyobeba Cyberpunk 2077, na kuhamia Unreal Engine 5, injini ya kukodi.

Kukodi nako kuna mwenye nyumba. Septemba 2023 Unity ilitangaza kutoza ada kwa kila usakinishaji wa gemu. Kelele zikazuka, na mwaka uliofuata ada hiyo ikafutwa. Wengi waligeukia Godot, injini iliyoanzia Argentina na ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2014. Unreal huhitaji gigabaiti nyingi kupakua. Godot ni ndogo mno ukilinganisha, na kwa anayenunua bando hiyo ni hesabu ya fedha.

Kujiundia bado kunafaa pale mchezo wenyewe ni mdogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, wala hakuna kinachoruka wala kuanguka. Ugumu wake uko kwenye kanuni za awamu zake mbili, namua na mtaji, na kwenye mpinzani wa kompyuta anayepaswa kupiga hesabu za hatua kadhaa mbele. Sehemu hizo hakuna injini ya kukodi inayokuja nazo tayari.