Mtoto mwenye mzio wa chakula: hatari iliyojificha katika unga na mwiko

WAZAZI wengi wakiambiwa na daktari kwamba mtoto wao ana mzio wa chakula fulani, huondoka kliniki wakiamini kwamba kazi iliyosalia ni ndogo: kumnyima mtoto chakula hicho. Yai likikatazwa, asipewe yai. Jikoni, hata hivyo, mambo si mepesi kiasi hicho. Chakula kilichokatazwa mara nyingi humfikia mtoto kikiwa kimejificha ndani ya unga, ndani ya mchuzi, au kwenye mikono ya mtu mzima anayempenda. Kuna pia hatari ya pili isiyotajwa sana, nayo ni kwamba mtoto aliyeondolewa vyakula vingi bila kupewa vingine badala yake hudhoofika na kudumaa.

Mzio wa chakula hutokea pale mfumo wa kinga ya mwili unapoichukulia protini ya chakula cha kawaida kama adui. Kwa kawaida dalili huanza dakika chache baada ya kula, na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Mtoto hutokwa na mabaka yanayowasha, midomo na macho huvimba, hutapika, hukohoa au hupumua kwa shida. Vyakula vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio hiyo ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, pamoja na simsim.

Mzio usichanganywe na hali ya tumbo kushindwa kumeng'enya laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Hali hiyo huleta gesi na kuhara, lakini haihusiki na kinga ya mwili. Maziwa yaliyoondolewa laktosi, ambayo humfaa mtu wa aina hiyo, bado yana protini ile ile inayomdhuru mwenye mzio. Vivyo hivyo, vipimo vya ngozi au vya damu peke yake havitoshi kuthibitisha mzio. Daktari huvisoma pamoja na historia ya yale yaliyompata mtoto baada ya kula. Mzazi anayemwondolea mtoto vyakula sita kwa sababu ya karatasi ya maabara pekee huenda anamwonea bure.

Unga wa uji

Uji wa unga wa mchanganyiko ni fahari ya kina mama wengi nchini Kenya. Wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, mbegu za mchicha na hata omena iliyokaushwa husagwa pamoja ili mtoto anenepe. Kwa mtoto asiye na mzio, huo ni uji wa maana. Kwa mwenye mzio wa njugu, soya au samaki, vijiko vichache vinaweza kumfikisha hospitalini, na kwa kuwa kila kitu kimegeuka unga wa rangi moja, hakuna anayeweza kutambua kwa macho kilichomo.

Hata mzazi akipeleka wimbi tupu kwenye mashine ya kusaga nafaka, huenda mashine hiyo imetoka kusaga soya na njugu za mteja aliyetangulia. Masalio hubaki ndani na kuingia katika unga unaofuata. Kuomba nafaka ya mtoto isagwe ya kwanza asubuhi, baada ya mashine kusafishwa, hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Kwa mtoto ambaye mzio wake ni mkali, njia iliyo salama zaidi ni kununua wimbi zima, kulichagua, kuliosha, kulianika na kulisaga nyumbani kwa kifaa ambacho hakijawahi kuguswa na njugu wala soya.

Uji wa wimbi peke yake si uji wa kimaskini kama wengine wanavyodhani. Gramu 100 za wimbi huwa na zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu, kiasi kinachozidi sana kile cha mahindi au mchele. Kuuchachusha unga kwa siku moja au mbili kabla ya kuupika husaidia mwili kuyafyonza madini hayo vizuri zaidi. Ndizi mbivu au parachichi lililopondwa likikorogwa ndani ya uji uliopoa kidogo, mtoto hupata utamu au mafuta bila sukari wala siagi.

Maziwa na yanayodhaniwa kuwa badala yake

Hapa ndipo makosa hufanyika kwa wingi. Kuchachusha maziwa hakuondoi protini inayoleta mzio. Kwa hiyo maziwa lala, mtindi na mursik ni hatari kwa mtoto huyo sawa na maziwa mabichi. Maziwa ya mbuzi, ambayo majirani hupenda kuyapendekeza, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huathirika nayo pia. Maziwa ya ngamia yanatofautiana zaidi na hayo mawili, ila hata hayo yasijaribiwe nyumbani pasipo ushauri wa daktari.

Tui la nazi ni zuri kwa kupikia, nayo nazi ni nadra kuleta mzio, hata kwa watoto wengi wanaodhurika na njugu au korosho. Lakini tui si maziwa. Protini na kalsiamu iliyomo ni kidogo, na mtoto hawezi kukua kwa kulitegemea kama kinywaji. Baya kuliko hilo ni chai ya rangi, ambayo hupewa mtoto asubuhi kwa kuwa ya maziwa imekatazwa. Chai haina lishe na huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, ingawa mara nyingine daktari humtaka mama mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda.

Pengo la maziwa huzibwa na vyakula kadhaa kwa pamoja: maharagwe na ndengu zilizopondwa, nyama iliyosagwa, maini, majani ya kunde na mchicha, na omena wanaoliwa na mifupa yao iwapo mtoto hana mzio wa samaki. Mboga za kienyeji zinahitaji uangalifu. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, managu na saga hulazwa katika maziwa au krimu ili uchungu upungue, na baadhi ya wapishi huziunga kwa njugu au simsim iliyosagwa. Anayemlisha mtoto ugenini sharti aulize mboga imeungwa kwa nini, si mboga gani.

Mwiko, sufuria na mikono

Mahali ambapo jamaa wote hula kutoka jiko moja, chakula cha mtoto kipikwe kwanza, kabla ya mayai kuvunjwa au chapati kusukumwa. Unga wa ngano hurushwa hewani na kutua kwenye sufuria zilizo wazi. Mafuta yaliyokaangiwa samaki au mandazi yenye mayai hubeba protini za vyakula hivyo, na moto hauziondoi. Njugu ikikaangwa haipungui makali, na utafiti umeonyesha kwamba huenda ikayaongeza. Mwiko wa mbao una nyufa zisizosafishika vyema, kwa hiyo ni busara mtoto awe na mwiko wake, kikombe chake na sahani yake yenye rangi isiyofanana na nyingine.

Desturi ya kunawa mikono kwa maji ya vuguvugu kabla ya mlo ni njema, ila haitoshi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004 ulibaini kwamba maji matupu, na hata dawa ya kupaka ya kuua viini, viliacha mabaki ya njugu kwenye baadhi ya mikono, ilhali sabuni ya kawaida na maji viliyaondoa. Nyanya aliyekuwa akitafuna njugu barazani anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mjukuu. Kumwambia hivyo si utovu wa adabu, ingawa katika nyumba nyingi ni yaya au mama kijana anayelazimika kulisema, na si kila mara husikizwa. Baba akilisema yeye, jambo huwa jepesi.

Vibibi, na mtoto msaidizi

Pwani kuna kitafunio ambacho tangu jadi hakina ngano, mayai wala maziwa: vibibi. Vikombe viwili vya mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha, kisha huchujwa na kusagwa laini kabisa pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko kidogo cha hamira, iliki kidogo na sukari kiasi, ambayo kwa mtoto inaweza kubadilishwa kwa ndizi mbivu. Rojo hilo huachwa kwa muda wa saa moja hadi liumuke. Humiminwa kidogo kidogo kwenye kikaango kilichopakwa mafuta, hufunikwa, na huwa tayari vitundu vikitokea juu na upande wa chini ukipata rangi. Mashine ya kusagia iwe imeoshwa vizuri kwa sabuni, hasa chini ya visu.

Mtoto wa miaka miwili anaweza kumenya ndizi hiyo, kuiponda kwa uma, kuosha mchele katika karai na kuchambua majani ya mchicha. Akae mbali na moto, na asiachiwe maharagwe makavu wala njugu nzima, kwani watoto wa umri huo husakamwa kwa urahisi. Faida ya kumshirikisha ni kubwa kuliko burudani. Hujifunza majina ya vyakula, hujifunza kuuliza "Hiki kina maziwa?", na hujifunza kukataa anapopewa biskuti na mtoto mwenzake.

Habari za mzio wake ziandikwe wazi kwenye kitabu cha kliniki. Zitajwe pia kwa mhudumu yeyote anayetaka kumpa chakula cha tiba cha paketi kwa ajili ya utapiamlo, kwa sababu chakula hicho kwa kawaida hutengenezwa kwa njugu karanga na unga wa maziwa.

Mtoto akianza kupumua kwa shida, sauti ikikauka, akilegea au akitapika mfululizo huku mwili umejaa mabaka, ni dharura. Tiba yake ni sindano ya adrenalini, ambayo hudungwa kwenye paja upande wa nje. Dawa za kutuliza mwasho haziwezi kuchukua nafasi yake, wala kumnywesha maziwa "kuua sumu" hakusaidii. Kama daktari alikwisha kuipa familia sindano hiyo, itumiwe papo hapo. Zile za kujidunga ni ghali na si rahisi kuzipata nchini, kwa hiyo familia nyingi hazina budi kujua mapema ni hospitali ipi ya karibu iliyo na adrenalini mchana na usiku. Njiani mtoto alazwe, au akae iwapo anahema kwa taabu, wala asitembezwe.

Kwa ndugu mdogo atakayezaliwa baadaye, woga usitangulie. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali, mzio wa yai, au vyote viwili. Walioanza kulishwa njugu wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 11 walipata mzio wa njugu kwa kiwango cha chini kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko walionyimwa. Mtoto wa aina hiyo huchunguzwa kwanza na daktari, kisha hupewa njugu iliyosagwa laini, kamwe si punje nzima.

Wengi wa wenye mzio wa maziwa na mayai huondokana nao wanapoendelea kukua, ilhali wa njugu ni takriban mmoja tu kati ya watano. Baadhi ya watoto huvumilia yai lililookwa ndani ya keki kabla ya kuweza kula yai la kuchemsha. Jaribio la kwanza la kumrudishia mtoto chakula alichokatazwa hufanywa hospitalini, kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa taratibu, daktari akiwa karibu na adrenalini ikiwa tayari.