Sheria, Karani na Sura ya Mtu: Kabila katika Unguja ya Mkoloni

Wahakiki wetu wamezoea kusema mhusika huyu wa riwaya ya Unguja ni Mwarabu, yule Mhindi, yule Mwafrika, kisha wakaendelea mbele kana kwamba majina hayo yameshuka na mvua. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Tunadai kwamba mipaka ya mafungu hayo, kwa sehemu kubwa, iliandikwa na sheria.

Hebu tuangalie historia. Mwaka 1926 Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria, na wajumbe wasio wa serikali wakateuliwa kwa mafungu: Waarabu, Wahindi na Mzungu. Mwafrika hakupata kiti mpaka 1946. Sheria ya ardhi ya 1934 nayo ilizuia shamba la Mwarabu au Mwafrika lisiende kwa mtu wa fungu jengine, hasa Mhindi mkopeshaji, bila ya idhini ya serikali. Basi ikabidi kila mwenye mikarafuu ajulikane ni nani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mafungu. Kabila likaingia chunguni.

Watu nao hawakukaa kimya. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, maelfu walioandikwa "Waswahili" waliliacha jina hilo, wengi wakajiita Washirazi. Watu ni wale wale; jibu mbele ya karani ndilo lililogeuka, maana "Mswahili" lilishaanza kunukia utumwa.

Hapa filamu ya katuni ingetufaa sana. Mwigizaji huja na rangi yake, tukamhukumu kabla hajasema. Mchoraji angechora sura moja, akaiacha vile vile, akabadilisha cheti tu mkononi mwake, sensa baada ya sensa. Tungeona kinachogeuka ni nini.

Yuko atakayeuliza: kwani ubaguzi ni makaratasi tu? La hasha. Utumwa ulikuwapo kabla ya Mwingereza, na damu iliyomwagika 1964 ilikuwa ya watu wa kweli. Lakini sheria ndiyo iliyoyapa mafungu hayo kuta. Kwa hiyo mapenzi ya Yasmin na Denge katika Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi si mapenzi matupu, ni uasi dhidi ya daftari. Mhakiki anayewaita Mhindi na Mwafrika bila ya kuuliza nani kawagawa, anamwendelezea karani kazi yake.