Programu Huria, Si za Bure Tu

Februari 2013 Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, hapa Muscat, kiliandaa mkutano mkubwa juu ya programu ambazo Waarabu huziita barmajiyyat hurra. Mswahili wa Ruwi au Seeb hahitaji mkalimani: hurra hiyo na huria yetu zina asili moja.

Hata hivyo wengi husema "programu za bure", na hapo ndipo wanapopotea. Programu nyingi za simu hazina bei lakini zimefungwa kabisa. Hujui zinayafanyia nini majina na picha zako, na fundi wako naye hawezi kuchungulia. Wala nakala ya wizi haiwi huria kwa kuwa hukuilipia.

Programu huandikwa kwanza kwa maneno na alama anazoweza kuzisoma mtaalamu. Huo ndio msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, na kampuni nyingi huuza tarakimu hizo tu, msimbo zikauficha. Programu huwa huria pale leseni yake inapomruhusu kila mtu kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo, kuurekebisha, na kuwagawia wengine nakala. Bei haimo. Unaweza kuuziwa programu huria nayo ikabaki huria.

Richard Stallman alianzisha harakati za programu huria Marekani mwaka 1983. Mwaka 1998 wengine, wakiona neno lake la Kiingereza, "free", linaeleweka kama "bure", wakachagua jina la "chanzo wazi", na mvutano ungalipo. Sisi hatuna haja nao. Soko huria ni lile lisilofungwa minyororo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiko wazi kwa watu wengi zaidi. Huria imebeba maana zote mbili, ndiyo maana naitetea.

Ruhusa ya kurekebisha ndiyo iliyotupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawakupiga hodi kwa kampuni yoyote. Leseni ya OpenOffice ilikwisha kuwaruhusu.

Anayetaka kuanza si lazima aiache Windows. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hufungua mafaili ya Word, na katika waraka mmoja huandika Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto. Ipakue kwenye tovuti ya mradi wenyewe.