Ubudha: Uhuru wa akili huanzia kati ya hisia na tamaa

KWA mujibu wa mafundisho ya Budha, mtu anayetembea huru barabarani huenda akawa mfungwa sawa na aliye gerezani. Kifungo kinachozungumziwa si cha kuta wala pingu, bali ni cha mazoea ya fikra: hasira inayozuka kabla mtu hajaamua kukasirika, na tamaa inayomvuta asikokusudia kwenda.

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake humwita Budha, yaani aliyeamka, aliishi kaskazini mwa Bara Hindi takriban karne ya 5 kabla ya Kristo. Hakuacha maandishi. Watawa walihifadhi mafundisho yake kwa kuyakariri, kabla ya kuandikwa kwa lugha ya Kipali kisiwani Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo.

Katika mafundisho hayo, fikra haizuki bila chanzo. Jicho au sikio linapokutana na kitu, hutokea mguso. Mguso huzaa hisia, iwe ya kupendeza, ya kuudhi au isiyo na upande. Hisia huzaa tamaa, nayo tamaa huzaa ung'ang'anizi. Kila mnyororo huu unapojirudia, mazoea ya akili, ambayo kwa Kipali huitwa sankhara, huzidi kukita mizizi. Ndiyo maana aliyezoea kukasirishwa na matusi huwaka hata kabla tusi halijakamilika.

Je, binadamu ana uhuru gani basi? Budha aliwapinga walimu wa zama zake, akiwemo Makkhali Gosala, waliodai kuwa kila jambo huamuliwa na majaliwa. Kwake, uzito wa kitendo umo katika nia, na kwa hivyo mtu huwajibika. Upenyo wa kutorokea u kati ya hisia na tamaa. Maumivu ya goti huenda yasiepukike, lakini chuki dhidi ya maumivu hayo yaweza kuachwa, iwapo mtu ataiona inapochipuka. Aidha, tafakuri ya vipassana haikusudii kufuta fikra, kama wengi wadhanivyo, bali kuzitazama zikija na kupita, bila kuzitii wala kuzifukuza.

Mafundisho haya yalitiwa kwenye mizani mwaka 1994 katika gereza la Tihar jijini Delhi, India, ambako wengi wa waliozuiliwa walikuwa mahabusu waliosubiri kesi zao kuamuliwa. Kwa idhini ya Kiran Bedi, aliyekuwa mkuu wa magereza ya jiji hilo, mwalimu S.N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay nchini Myanmar, aliongoza mafunzo ya siku 10 mwezi Aprili. Wafungwa na mahabusu zaidi ya 1,000 waliketi kimya wakichunguza pumzi na hisia za miili yao. Kuta zilibaki palepale. Kilichotarajiwa kubadilika ni namna kila mmoja alivyopokea yaliyompata.

Hata hivyo, panazuka swali zito: je, anayefunzwa kutuliza hasira hafunzwi pia kuvumilia dhuluma? Mahabusu anayekaa miaka bila hukumu anahitaji hakimu, si utulivu pekee.

B.R. Ambedkar, mwanasheria aliyesimamia uandishi wa katiba ya India, alilikabili swali hilo. Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na maelfu kwa maelfu ya Wadalit, watu waliobaguliwa kwa misingi ya matabaka. Hakukubali kuwa mateso yote hutokana na akili ya anayeteseka. Mengine, alisisitiza, husababishwa na jamii.

Misimamo hii miwili si lazima ipingane. Anayeiona hasira yake inapozuka bado aweza kudai haki, ila hatasukumwa na hasira hiyo. Ataidai kwa nia aliyoichagua mwenyewe.