Krosheti: Ufumaji unaomsamehe anayejifunza

WENGI humu nchini huijua krosheti kwa vile vitambaa vyeupe vinavyotandazwa juu ya makochi na meza sebuleni, hata kama hawalijui jina lenyewe. Jina hilo lina asili ya Kifaransa na maana yake ni kulabu ndogo. Kulabu hiyo, uzi na makasi ndivyo vifaa vyote anavyohitaji anayeanza.

Sweta hufumwa kwa sindano mbili zilizojaa vitanzi, na kimoja kikiponyoka huweza kuteremka safu kadhaa. Katika krosheti, kwa kawaida kitanzi kimoja tu ndicho huwa wazi. Mfumaji akikosea huuvuta uzi, akafumua hadi palipoharibika, kisha akaendelea bila hasara.

Uzi mwembamba wa vitambaa huvutia, lakini mwanafunzi asiukimbilie. Kulabu ya milimita 5 na uzi laini wa unene wa wastani, wenye rangi isiyokoza, humwezesha kuona kila kitanzi. Uzi mweusi humchosha macho bure.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni kipande kinachoanza kama mraba na kuishia pembetatu. Aghalabu mfumaji huwa ameruka mshono wa kwanza au wa mwisho wa safu. Dawa ni kuhesabu: safu ya kwanza ikiwa na mishono 20, kila safu inayofuata iwe na 20. Asikaze uzi mno pia, la sivyo kulabu haitapenya.

Wepesi wa kujifunza kazi hii uliwahi kuwa riziki. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka wa 1845, familia maskini zilijikimu kwa kuuza lesi ya krosheti. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi, aliianzisha kazi hiyo mwaka wa 1847.

Viwanda vina mashine za kufuma sweta, ilhali krosheti halisi ingali kazi ya mikono. Blauzi ya krosheti inapouzwa kwa bei ya kutupa, yupo aliyeketi saa nyingi akiifuma kwa ujira duni. Anayenuia kuuza vitambaa vyake, basi, aandike saa alizotumia kwa kila kimoja kabla ya kukubali bei ya mnunuzi, kwani uzi ni sehemu tu ya gharama.