Nyaya Zilizopigwa Chapa: Habari za Paul Eisler na Kibao cha Redio

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja ana karatasi ya somo mbele yake. Fuateni maneno kwa kidole huku mkinisikiliza. Mkikuta neno gumu, litieni alama, nasi tutalitazama mwisho.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya kitu kimoja kidogo kilichomo ndani ya redio hiyo inayowaletea sauti yangu.

Mwalimu wenu aliombwa atafute redio mbovu. Kama ameipata, iwekeni mezani. Hakikisheni kwamba haikuunganishwa na umeme na kwamba betri zimetolewa. Sasa fungueni kifuniko cha nyuma.

Ndani mtaona kibao chembamba, cha rangi ya kijani au ya kahawia. Upande mmoja vimesimama vidude vidogo vingi, kama nyumba za mji. Geuzeni upande wa pili. Mtaona mistari inayokwenda huku na huku, kama njia zinazotoka nyumba moja hadi nyingine. Mistari hiyo ni shaba nyekundu, na umeme hupita humo. Ndizo nyaya za redio. Lakini hakuna fundi aliyezikata wala kuzikunja. Zilipigwa chapa, kama yalivyopigwa chapa maneno ya karatasi uliyoishika.

Mafundi hukiita kitu hicho kibao cha saketi. Saketi ni njia ya umeme, ambayo huanza mahali, huzunguka, kisha hurudi ilikoanza.

Leo tutajiuliza maswali mawili. Nani alifanya kazi ya kupiga chapa nyaya hata ikafaa? Na kwa nini mtu huyo alipata faida ndogo? Jibu la swali la pili linawahusu sana ninyi mnaojifunza kusoma.

REDIO ZA ZAMANI

Katika miaka ya 1930 redio ilikuwa sanduku kubwa la mbao, nzito kuibeba. Ndani yake mlikuwa na sinia la bati, na juu ya sinia zilisimama valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyopata moto na kung'aa. Chini ya sinia zilijaa nyaya za kila rangi. Kila waya ulikatwa kwa mkono, ukachunwa ncha, ukakunjwa, kisha ukalehemiwa kwa risasi. Mfanya kazi akikosea waya mmoja tu, redio haikusema, na mtu mwingine alilazimika kuufuata kila waya mpaka alione kosa.

Mnajua kwamba zamani, kabla ya mashine za chapa, kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Mtu aliyetaka vitabu kumi ilimpasa mwandishi aandike mara kumi. Redio nazo zilikuwa hivyo hivyo. Kila moja iliandikwa kwa mkono.

Watu wachache walikwisha kufikiri njia nyingine. Mwaka 1903 Mjerumani mmoja, Albert Hanson, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kubandika vipande vyembamba vya bati juu ya kitu kisichopitisha umeme. Mwaka 1925 Mmarekani mmoja, Charles Ducas, alieleza jinsi ya kuchora njia za umeme juu ya ubao. Lakini viwanda viliendelea na kazi ya mkono.

KIJANA WA VIENNA

Paul Eisler alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Alisoma uhandisi, akamaliza mwaka 1930. Alikuwa Myahudi, na siku zile chuki juu ya Wayahudi ilikuwa ikizidi katika nchi yake. Kijana mwenye elimu kubwa alihangaika kutafuta kazi.

Baadaye alipata kazi katika nyumba ya kupiga chapa magazeti, akawa mhariri wa gazeti lililohusu mambo ya redio. Hapo ndipo alipojifunza kazi ya chapa.

Katika kazi hiyo iko njia moja ya zamani. Fundi huchukua bamba la chuma, akachora picha juu yake kwa wino ambao tindikali haiwezi kuula. Kisha hulitia bamba katika tindikali. Palipo na wino pamelindwa, na pasipo na wino panaliwa. Bamba likitolewa, picha imesimama juu.

Sasa fikirini. Watu wa redio hawakuijua kazi ya chapa, na watu wa chapa hawakuijua kazi ya redio. Eisler alizijua zote mbili. Aliona kwamba, kama bamba likiwa la shaba nyembamba, na kama picha ikiwa ni ramani ya nyaya, basi shaba itakayobaki itakuwa ndiyo nyaya zenyewe.

CHUMBA CHA HAMPSTEAD

Mwaka 1936 Eisler alihamia Uingereza. Alikaa mtaa wa Hampstead mjini London, katika nyumba ya kupangisha vyumba. Hakuwa na kiwanda. Chumba kile kile alicholala ndicho alichofanyia kazi, na humo aliunda redio yenye nyaya zilizopigwa chapa. Basi mwanzo wa kibao cha saketi kama tunavyokijua ulikuwa kazi ya nyumbani, ya mkono wa mtu mmoja.

Redio ilisema. Akaipeleka kwa kampuni moja kubwa iliyotengeneza vyombo vya namna hiyo. Wakaitazama, kisha wakaikataa. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, aliambiwa kwamba kazi ya kuunganisha nyaya ilifanywa na wasichana, na wasichana walikuwa rahisi zaidi.

Tulitazame vizuri jibu hilo. Kampuni haikusema kwamba chombo ni kibovu. Ilisema kwamba mikono ya wasichana ni rahisi. Kazi ya mtu ikilipwa kidogo sana, mwenye kiwanda haoni haja ya kutengeneza njia mpya. Kwa hiyo msidhani kwamba kila neno jema linalokataliwa limekataliwa kwa ubaya wake. Ulizeni kwanza sababu.

MKATABA AMBAO HAUKUSOMWA

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939. Mwaka uliofuata Waingereza walimtia Eisler kizuizini pamoja na watu wengine waliotoka nchi za adui, ingawa yeye alikuwa amewakimbia maadui hao hao. Alifunguliwa mwaka 1941.

Alipotoka alikwenda kwa kampuni ya Henderson and Spalding, mtaa wa Camberwell, mjini London. Hawa hawakuwa watu wa redio. Walikuwa wapiga chapa, na waliifahamu kazi ya kuchapa nota za muziki. Walielewa upesi maneno ya Eisler, wakamkubali. Ikaundwa kampuni ndogo iliyoitwa Technograph ili kuushughulikia uvumbuzi wake.

Wakampa mkataba. Eisler akatia sahihi bila kuusoma.

Mkataba ulisema kwamba haki ya uvumbuzi wake itakuwa mali ya kampuni, naye atapewa malipo ya jina tu, paundi moja. Alipewa pia hisa katika Technograph, karibu sehemu moja katika sehemu sita. Hivyo kazi aliyoianza katika chumba chake ikawa mali ya wengine kwa sahihi moja.

Ndugu zangu, mtu huyu hakuwa mjinga wa kusoma. Alikuwa mhandisi na mhariri wa gazeti. Alijua kusoma kuliko wengi wetu. Lakini siku ile alikuwa mkimbizi aliyetoka kizuizini, mwenye furaha ya kukubaliwa, akaona haya au akaona haraka. Ninyi mnaokuja darasani jioni baada ya kazi ya kutwa, mnajifunza herufi kwa taabu. Siku mtakapowekewa karatasi mezani na kalamu juu yake, someni. Kama neno hulielewi, sema, "Ngojeni, nitaichukua nyumbani nikaisome." Mwenye nia njema atangoja.

VITA NA BAADA YA VITA

Hati za kulinda uvumbuzi ziliombwa mwaka 1943. Redio moja ambayo Eisler aliiunda yapata mwaka 1942 imehifadhiwa na Makumbusho ya Sayansi ya London.

Wakati huo huo Wamarekani walihitaji chombo kidogo sana cha umeme cha kutiwa ndani ya kombora, ili kombora lilipuke likikaribia shabaha. Nyaya za kawaida hazikufaa, maana nafasi ilikuwa ndogo na mshindo wa mzinga ulikuwa mkubwa. Wao walichapa njia za umeme kwa wino wenye fedha juu ya vigae vya kauri. Namna yao haikuwa sawasawa na ile ya Eisler, lakini wazo la kuchapa lilikuwa moja, nalo lilionyesha kwamba nyaya za chapa ni imara.

Mwaka 1949 wahandisi wawili wa jeshi la Marekani, Moe Abramson na Stanislaus Danko, waliongeza jambo kubwa. Walitoboa matundu katika kibao, wakapitisha miguu ya vidude humo, kisha wakachovya upande wa shaba katika risasi iliyoyeyuka. Viungo vyote vikashikana kwa mara moja.

Mwaka 1954 iliuzwa Marekani redio ndogo ya mfukoni iliyoitwa Regency TR-1. Haikuwa na valvu bali transista, na nyaya zake zilikuwa za chapa. Katika miaka ya 1960 redio za transista zilienea hata katika vijiji vya Afrika Mashariki pasipofika umeme, maana zilitosheka na betri kavu.

Na Eisler je? Hati zake za Uingereza zilitolewa mwaka 1950. Viwanda vingi vilitumia vibao vya chapa, lakini vichache vililipa. Mwaka 1957 aliondoka Technograph. Mwaka 1963 kampuni hiyo ilishindwa katika kesi kubwa huko Marekani. Yeye aliendelea kuvumbua mambo mengine, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989, akafariki London mwaka 1992.

KIBAO CHA NYUMBANI

Mafundi wa redio na wanafunzi wa ufundi bado hutengeneza vibao nyumbani, kama Eisler alivyofanya. Nitaeleza kwa kifupi ili muelewe kazi ilivyo.

Kwanza, fundi hununua kibao kilichofunikwa shaba upande mmoja. Hukisugua mpaka king'ae, kisha hakigusi tena kwa vidole, maana mafuta ya vidole huharibu kazi.

Pili, huchora njia za umeme juu ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika. Wengine huchapa ramani kwa mashine ya leza juu ya karatasi laini, wakailaza juu ya shaba na kuipiga pasi yenye moto. Unga mweusi wa mashine huyeyuka, ukashika shaba. Ramani hiyo lazima ichapwe kinyume, kama uso katika kioo, ili ikigeuzwa isomeke.

Tatu, hukitia kibao katika maji ya dawa iitwayo kloridi ya chuma, ndani ya beseni la plastiki. Hulitikisa beseni polepole. Baada ya robo saa au nusu saa, shaba isiyo na wino imekwisha kuliwa.

Nne, hukiosha kibao, hufuta wino, hutoboa matundu ya kama milimita moja, kisha hulehemu vidude mahali pake.

Sikilizeni sana hapa. Dawa hiyo ni hatari. Vaeni mipira ya mikono na miwani, na fanyeni kazi mahali penye hewa. Mkichanganya, tieni dawa katika maji, wala msimimine maji juu ya dawa kavu, kwa kuwa itapata moto ghafula. Msitumie sufuria ya alumini, itatobolewa. Msitumie tena chombo hicho kwa chakula. Watoto wasikaribie. Na dawa iliyotumika ina shaba ndani yake, ambayo ni sumu kwa samaki. Msiimwage mferejini, kisimani wala mtoni. Itunzeni katika chupa ya plastiki yenye alama, mpaka mpate mahali panapopokea taka za namna hiyo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chapa: alama au maandishi yanayowekwa kwa mashine.
Kulehemu: kuunganisha vyuma kwa risasi iliyoyeyuka.
Tindikali: maji makali yanayokula chuma.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa.
Hisa: sehemu ya mali ya kampuni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Eisler alijua kazi gani mbili, na zilimsaidiaje?
2. Kwa nini kampuni ya kwanza ilimkataa? Je, mnaona sababu hiyo ilikuwa ya haki kwa wale wasichana?
3. Vibao vilipoenea, kazi ya kuunganisha nyaya kwa mkono ilipungua. Mnafikiri mfanya kazi afanye nini kazi yake inapochukuliwa na njia mpya?
4. Nani kati yenu amewahi kutia sahihi au kidole gumba katika karatasi asiyoisoma? Simulia yaliyofuata, kama hutaki kuyaficha.

Baada ya mazungumzo, kila mmoja aandike sentensi tano juu ya Paul Eisler kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mpeane karatasi na kila mtu asome ya mwenzake kwa sauti. Rudishieni redio kifuniko chake. Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.